Rangi Mpya, Ubao Mbovu: Kwa Nini Boti Iliyotumika Ikaguliwe Kabla Hujalipa

Mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu kutoka Tanga, furaha imemjaa mpaka maneno yanagongana. Yeye na wenzake watano walikuwa wamepata boti. Ya faiba, urefu mita nane na nusu, na mashine ya farasi 40 juu yake. Bei shilingi milioni 18. Walikuwa wamechanga kwa miaka mitatu, kidogo kidogo, kila walipouza samaki. Kabla hatujamaliza kuongea picha zilishaingia WhatsApp: boti ya bluu na nyeupe, inang'aa kama imetoka kiwandani jana.

"Kuna mtu wa Pangani anakuja na pesa taslimu Jumamosi," akasema. "Sisi tunataka tumalizane na muuzaji kesho."

Nikamwomba kitu kimoja tu: wasilipe mpaka mkaguzi aione. Akacheka. "Mwanangu, mimi nimekulia baharini. Wewe umekulia kwenye vitabu. Mkaguzi wa nini tena?"

Swali lake lilikuwa la haki, na siku ile sikulijibu vizuri. Nasoma uhandisi wa vifaa, yaani sayansi ya kwa nini chuma, mbao na plastiki huvunjika, lakini kwenye simu nilibaki kubabaika tu: "ni muhimu, mjomba, ni muhimu." Makala hii ndiyo jibu ambalo ningependa ningelitoa siku ile. Kama wewe au mtu wako mnafikiria kununua boti iliyotumika, iwe ya uvuvi, ya kubeba watalii au ya kuvusha abiria, twende pamoja.

Muuzaji anajua, mnunuzi anakisia

Tuanze na uchumi kidogo. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji ameliendesha gari lake kwa miaka, anajua linavyolia asubuhi. Mnunuzi analiona kwa nusu saa. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na gari bovu, anaogopa, anataja bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimfai, anaondoka sokoni. Mwenye gari bovu anaifurahia. Mwishowe sokoni yanabaki mabovu mengi kuliko mazima, na hata muuzaji mwaminifu anaumia, maana hakuna anayemwamini. Kazi hiyo ilichangia Akerlof kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Boti ina tatizo hilohilo, tena zaidi. Gari bovu likizima barabarani, unashuka na kusubiri. Boti ikizima au ikipasuka maili sita kutoka nchi kavu, hushuki popote.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: mara nyingine hata muuzaji hajui. Ameinunua ikiwa imeshapakwa rangi, naye akadanganywa na rangi ileile inayokudanganya wewe. Kwa hiyo kumkagua muuzaji usoni, kuangalia kama ana haya au hana, hakutoshi. Inayotakiwa kukaguliwa ni boti.

Mkaguzi ni nani, na si nani

Mkaguzi wa boti ni mtu aliyesomea au aliyebobea katika ujenzi na uharibifu wa vyombo vya majini, unayemlipa wewe mnunuzi, akague chombo kabla ya mauzo na kukuandikia ripoti. Maneno mazito hapo ni mawili: *unayemlipa wewe*. Fundi aliyeletwa na muuzaji, hata awe bingwa namna gani, hawezi kuwa mkaguzi wako. Dalali naye hawezi, kwa sababu yeye hulipwa biashara ikifanyika. Mkaguzi mzuri hulipwa kiasi kilekile ukinunua au usiponunua.

Watu huchanganya pia ukaguzi huu na ule wa serikali. Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC. Zanzibar ni ZMA. Kenya ni KMA. Ukaguzi wao unaangalia kama chombo kinatimiza masharti ya kufanya kazi: vifaa vya kujiokoa, idadi ya abiria na kadhalika. Cheti hicho ni cha lazima, na uulize kama kipo. Lakini hakikuambii kama milioni 18 ni bei ya haki, wala kama mwakani utatumia milioni sita kutengeneza. Hayo ni maswali ya mnunuzi, na yanahitaji mtu wa mnunuzi.

Utampata wapi? Mamlaka hizo tatu ni mahali pazuri pa kuulizia. Chuo cha Bahari Dar es Salaam nacho ni pa kuulizia. Kwa chombo cha mbao, mara nyingi mtu bora ni fundi mkongwe wa majahazi kutoka ufuo mwingine, asiyemjua muuzaji na asiyetarajia kupewa kazi ya kuitengeneza boti hiyo baadaye.

Sisi tulimpata mhandisi mmoja aliyekubali kusafiri. Malipo yake pamoja na nauli yalikuwa laki sita na nusu. Mjomba alipoisikia hesabu hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Haya. Lakini ikionekana nzima, laki sita na nusu hizo unazijua wewe." Nikakubali.

Anaanzia ngamani

Wahenga wa pwani walisema, *tezi na omo, marejeo ni ngamani*. Kwa kawaida methali hii humkumbusha mtu kwamba azunguke atakavyo, atarudi palepale. Mkaguzi wetu aliichukua neno kwa neno. Maji yakiingilia mbele au nyuma, yataishia ngamani, chini kabisa ya chombo. Kwa hiyo hakuanza kuitazama rangi. Alifungua sakafu, akachungulia chini na tochi.

Alichofanya baadaye kilimfurahisha mjomba: alichovya kidole kwenye maji yaliyotuama na kuyaonja. Maji ya chumvi yanasema kuna mahali bahari inapenya. Maji baridi yanasema ni mvua, na mvua kwa mbao ni mbaya kuliko bahari. Chumvi huwazuia kuvu wanaoozesha mbao kwa kiasi fulani. Maji ya mvua hayana kizuizi hicho. Mbao ikibaki chini ya asilimia 20 hivi ya unyevu, kuvu hushindwa kuanza kazi. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, wanakula. Ndiyo maana boti nyingi huanza kuozea juu, kwenye kona ambako mvua inatuama, na si chini zinakoogelea.

Maji ya ngama yetu yalikuwa baridi. Mkaguzi aliandika kwenye daftari lake, akanyamaza.

Faiba inavyoficha

Mjomba alikuwa na hoja nzito: amekulia baharini. Lakini bahari aliyokulia ilikuwa ya mashua na ngalawa. Mbao anaijua kwa jicho na kwa mkono. Faiba huficha ubovu kwa namna nyingine.

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizolowekwa kwenye rezini ya poliesta, tabaka juu ya tabaka, mpaka zinakauka na kuwa kitu kigumu. Nje hupakwa tabaka linalong'aa, jelikoti, ambalo ndilo ngozi ya boti. Watu wengi hudhani faiba haipitishi maji kabisa. Ukweli ni kwamba hupitisha, polepole mno, molekuli moja moja. Ndani ya matabaka hayo hubaki mabaki ya kemikali ambazo hazikuungana vizuri wakati wa kutengeneza. Maji yakiyafikia, yanayayeyusha na kufanya tone dogo la kimiminika kikali. Hapo inaingia osimosisi, ileile ya kidato cha pili: maji husafiri kutoka pembe zenye kimiminika chepesi kwenda kwenye kizito. Tone linavuta maji zaidi, linavimba, linasukuma jelikoti, na unapata malengelenge kwenye tumbo la boti. Ukilitoboa moja, mara nyingi linatoa maji yenye harufu kama ya siki.

Malengelenge machache si msiba. Malengelenge mengi yaliyosagwa kwa msasa na kupakwa rangi wiki moja kabla ya kuuza ni habari nyingine, na ndiyo sababu rangi mpya isikupe furaha ya haraka. Iulize: imepakwa lini, na chini yake kulikuwa na nini?

Mkaguzi ana zana mbili za kuona chini ya rangi, na zote zina sayansi tamu.

Ya kwanza ni nyundo ndogo ya plastiki. Anagonga sentimita chache chache, boti nzima, huku ametega sikio. Ni sawasawa na unavyogonga tikiti maji sokoni. Matabaka yakishikana, yanatetema kama kitu kimoja na kutoa sauti kali, fupi. Yakibanduka, kuna mwanya katikati, mtetemo unamezwa, na unasikia sauti ya bubu. Baada ya dakika kumi za kusikiliza, hata mimi niliweza kutofautisha.

Ya pili ni kipima unyevu. Ni kifaa cha ukubwa wa simu kinachobandikwa juu ya faiba bila kuitoboa. Kinatuma uwanja mdogo wa umeme ndani na kupima jinsi kitu kilichopo kinavyouitikia. Molekuli za maji zina upande wa chanya na upande wa hasi, hivyo hugeukageuka kufuata uwanja huo kwa urahisi mno. Kipimo cha mwitikio huo kwa maji ni kama 80. Kwa faiba au mbao kavu ni kati ya 2 na 5 hivi. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata unyevu mdogo uliojificha unainua mshale.

Lakini zana hii hudanganyika pia. Chumvi juu ya ngozi ya boti, chuma kilicho nyuma ya faiba, au rangi yenye shaba, vyote huinua mshale. Kwa hiyo boti inatakiwa ipandishwe pwani, ioshwe kwa maji baridi na iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya kupimwa. Muuzaji akikataa boti yake isipandishwe nchi kavu, hiyo peke yake ni taarifa.

Ubao wa tezi

Sasa tufike mahali ambapo boti yetu ilitoa siri yake.

Mashine hufungwa nyuma, kwenye ubao wa tezi. Katika boti nyingi za faiba ubao huo ni plaiwudi nene iliyofunikwa kwa faiba pande zote, halafu ikatobolewa ili kupitisha boliti za mashine. Kila tundu ni mlango. Dawa ya kuziba ikichoka, maji yanaingia kwenye plaiwudi, na kwa kuwa faiba imeizunguka, hayana pa kutokea. Ubao unaoza ndani ya koti lake huku nje kila kitu kinang'aa.

Ubao huo unabeba nini? Tufanye hesabu ya haraka. Farasi 40 ni kama kilowati 30. Tuseme propela inageuza nusu ya nguvu hiyo kuwa msukumo, yaani wati 15,000, na boti inakwenda mita 8 kwa sekunde. Gawanya: wati 15,000 kwa mita 8 kwa sekunde ni karibu nyutoni 1,900. Ni kama uzito wa kilo 190, unaosukuma bila kupumzika. Tena propela iko chini ya boliti kwa zaidi ya nusu mita, kwa hiyo ubao hausukumwi tu, unapindwa. Ongeza uzito wa mashine yenyewe, kilo 70 na zaidi, ikirukaruka kwenye mawimbi. Ubao mzima unabeba hayo yote kwa miaka. Ubao uliooza hukupa ishara ndogondogo, halafu siku moja unaachia, mashine inaondoka na kipande cha tezi, na bahari inaingilia hapohapo.

Mkaguzi aligonga ubao wa tezi. Juu, sauti kali. Kuzunguka boliti za chini, bubu. Akaweka kipima unyevu: mshale ukaenda mwisho wa kioo. Akamwambia kijana mmoja aikamate mashine kwa juu na kuivuta taratibu mbele na nyuma, huku yeye ameweka kidole kwenye kona ya ubao. Ukacheza. Kidogo tu, upana wa ukucha, lakini ubao wa tezi hautakiwi kucheza hata kidogo.

Akamwomba muuzaji ruhusa ya kutoboa tundu moja dogo kwa drili, kwa upande wa ndani, akiahidi kuliziba. Hili halifanywi bila ruhusa ya mwenye boti, kumbuka. Muuzaji akakubali. Drili ikazama kama inaingia kwenye muhogo uliochemshwa. Kilichotoka si unga mkavu wa mbao, ni uji wa kahawia wenye harufu ya majani yaliyooza.

Hakuna aliyesema kitu. Muuzaji, mzee mtaratibu ambaye mpaka hapo nilikuwa nimeshaanza kumshuku moyoni, alisogea, akachukua ule uji kwa vidole, akaunusa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini: "Juzi Ijumaa nilikwenda nayo hadi visiwani, na wanangu wawili."

Hakuwa akijua. Na yeye aliinunua hivyohivyo, ikiwa na rangi.

Kama boti yako ni ya mbao

Sayansi ya mbao ni tofauti, na adui wake mkubwa baharini si kuvu. Ni Teredo, ambaye wengi humwita mdudu, ingawa ni ndugu wa kome na chaza. Anapokuwa mchanga sana huogelea, hutua kwenye mbao na kuingia kwa tundu dogo kama la sindano. Humo ndani hukua, akichimba kwa magamba yake mawili madogo na kula mbao kwa msaada wa bakteria wanaoishi mwilini mwake. Anaweza kufikia unene wa kidole na urefu wa makumi ya sentimita, lakini mlango wake nje unabaki uleule mdogo. Mbao inaonekana nzima, ndani imekuwa sega. Katika miaka ya 1730 Waholanzi nusura wapoteze kingo zao za bahari kwa sababu yake, wakalazimika kubadili mbao na kutumia mawe.

Wazee wetu walimjua vizuri. Kupandisha chombo na kukichoma tumboni kwa moto wa makuti, kupaka deheni, kupaka sifa, yote hayo ni vita dhidi yake na dhidi ya maji. Kwa hiyo muulize muuzaji: chombo hiki kilipandishwa mara ya mwisho lini? Walio Mwanza au Kisumu wana nafuu, maana Teredo anataka maji ya chumvi. Kuvu na kutu, hata hivyo, wanavyo kama sisi.

Kwa mbao mkaguzi hutumia ncha ya kisu au bisibisi nyembamba. Anachoma taratibu kwenye mkuku, kwenye mataruma, na hasa mahali mbao zinapokutana. Mbao nzima inakataa. Mbovu inaipokea ncha. Pia huangalia misumari: chuma kikipata kutu huvimba, kikapasua mbao, na kemikali za kutu hulainisha mbao inayokizunguka. Msumari unabaki na kichwa kizuri, lakini haushiki kitu. Mkaguzi makini huomba kung'oa mmoja au wawili aone shina. Kalafati nayo huangaliwa: ikiwa imetoka au imekauka kati ya mbao, ni kazi ya kawaida ya matengenezo. Ikiwa imepigwa upya sehemu moja tu, ujue hapo palikuwa na shida.

Mashine na vyuma

Mashine ina ukaguzi wake, na ukipata fundi mashine aongozane na mkaguzi, bora zaidi. Mambo matatu hayachukui muda. Kwanza, mgandamizo ndani ya silinda. Hupimwa kwa geji inayofungwa penye plagi. Namba yenyewe si muhimu kama usawa: silinda moja ikipishana na nzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, uliza kwa nini. Pili, oili ya gia chini karibu na propela. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na sili zimechoka. Tatu, namba ya mashine: ilingane na karatasi, na isiwe imekwaruzwa. Mashine za boti huibwa, na ukinunua ya wizi umenunua kesi.

Kisha kuna zinki, vile vipande vya rangi ya kijivu vinavyofungwa kwenye mashine. Metali mbili tofauti zikiguswa na maji ya bahari zinafanya betri, na ile dhaifu ndiyo inayolika. Zinki imewekwa ili iliwe yenyewe badala ya aluminiamu ya mashine. Zinki iliyolika nusu ni dalili njema, inafanya kazi. Zinki iliyokwisha kabisa maana yake ulaji umehamia kwenye mashine. Na zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Aliyeipaka hakujua ni ya nini.

Baada ya yote hayo, boti iingie majini. Ngama ikaushwe kabla, iendeshwe nusu saa au zaidi kwa mwendo wa chini na wa juu, igeuzwe kulia na kushoto, kisha ngama iangaliwe tena. Mashine iwashwe ikiwa ya baridi. Ukifika na kuikuta imeshapashwa moto, jiulize wanaficha nini.

Chombo hiki ni cha kazi gani?

Swali la mwisho la mkaguzi huwa halihusu ubovu. Linahusu matumizi. Chombo kizima kabisa kinaweza kuwa si chombo chako.

Tunao mfano unaouma. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 na ilifanya kazi ya kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Mwaka 2011 iliuzwa ikiwa imetumika, ikaja kufanya kazi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa mbaya, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe na watu wengi wakapoteza maisha. Ajali ya baharini huwa na sababu nyingi zilizofungamana, na sitaki kuibebesha ile somo moja tu. Lakini kila anayenunua chombo kilichotumika anapaswa kujiuliza: kilijengwa kwa maji gani, mawimbi gani, mzigo gani? Na mimi nakipeleka wapi, mwezi gani? Mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi si ghuba tulivu. Boti ya kuvulia ndani ya mwamba si boti ya kupeleka watalii Mafia. Mwambie mkaguzi kazi unayoikusudia kabla hajaanza, ili aikague kwa kazi hiyo.

Ripoti, na tulivyomalizana

Ripoti nzuri haisemi tu "boti nzuri" au "boti mbaya". Inagawa matatizo katika makundi: yanayotakiwa kutengenezwa kabla chombo hakijaingia majini, yanayoweza kusubiri miezi, na ya kuangaliwa tu. Inasema pia sehemu ambazo mkaguzi hakuweza kuzifikia. Usikasirike ukiona orodha hiyo; huyo ni mkaguzi mkweli. Ukaguzi si dhamana. Ni kupunguza giza, si kuliondoa.

Ripoti yetu ilikuwa na kurasa nne. Kundi la kwanza lilikuwa na jambo moja: ubao wa tezi utolewe wote, uwekwe mpya. Makadirio ya fundi yalikuwa milioni tatu na laki mbili. Mengine yalikuwa madogo, na mkaguzi aliandika wazi kwamba tumbo la boti na mashine vilikuwa katika hali nzuri.

Jioni ile mjomba na muuzaji walikaa chini ya mwembe bila dalali. Walikubaliana milioni 14, ubao utengenezwe kwanza, nusu ya fedha ilipwe boti ikiwa kwa fundi na nusu ikishajaribiwa majini. Yule mtu wa Pangani alipofika Jumamosi, muuzaji mwenyewe alimwonyesha tundu la drili. Alirudi na pesa zake.

Na hesabu ya laki sita na nusu? Tuichukue kwa mfano tu. Tuseme katika kila boti tano za namna hii, moja ina ubovu uliofichika wa milioni sita. Kwa wastani kila mnunuzi anabeba hatari ya milioni 1.2, karibu mara mbili ya malipo ya mkaguzi. Lakini wastani ni faraja ya anayenunua boti mia. Watu sita waliochanga miaka mitatu wananunua moja. Kwao hakuna wastani. Ni kupata au kukosa, na ndani ya boti hiyo wanapanda wao wenyewe.

Kabla hujalipa

Ukikumbuka haya tu, inatosha:

– Usitoe hata amana bila maandishi yanayosema itarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa.
– Mkaguzi awe wako, umlipe wewe, na asiwe na kazi ya kutengeneza anayoitarajia.
– Boti ipandishwe pwani, ioshwe na kukauka kabla ya kupimwa, kisha ijaribiwe majini.
– Uwepo wakati wa ukaguzi. Siku ile moja nilijifunza zaidi ya muhula mzima wa darasani.
– Karatasi za umiliki, usajili na namba ya mashine zilingane.
– Ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho, mwache aje.

Boti inafanya kazi mpaka leo. Nilipokwenda Tanga likizo, nilimkuta mjomba ufukweni amesimama nyuma ya boti ya jirani, anagonga ubao wa tezi kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Jirani alikuwa anamwuliza anatafuta nini.

"Subiri kwanza," akamjibu. "Nyamaza kidogo, nisikie."